Mhojiwa Namba Kumi na Saba

Ofisini, ghorofa ya pili
2 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ukiacha goti la mama ambalo sasa limekuwa mtu wa tatu nyumbani: tukitaka kutoka, linaulizwa kwanza. Mama anakusalimu sana. Cherehani yake imetengenezwa, na kila mteja anayekuja kushonesha anasimuliwa habari za mdogo wake karani wa mizani machimboni, mwenye meza yake, kiti chake na feni. Feni ameiongeza mwenyewe wiki iliyopita. Nilipomuuliza ameijuaje, alisema karani gani asiye na feni.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Asasi yetu imepata kibali cha kufanya utafiti wa haki za binadamu kwa wachimbaji wadogo, na katika machimbo saba yaliyochaguliwa, ya kwenu yamo. Wenzangu wanne watafika huko katikati ya mwezi. Mimi siji. Nilipoandika kwenye fomu kwamba nina mjomba huko, mratibu wetu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniambia nitabaki ofisini kupokea madodoso, kwa sababu mwenye ndugu huona mambo kwa jicho la huruma. Nikamuuliza wasio na ndugu wataona kwa jicho gani. Akasema la kitaalamu.

Nakuomba mambo mawili. Kwanza, kwa kuwa wewe uko juu mezani na unawajua watu wote, wasaidie wenzangu kuwapata wanaoshuka mashimoni hasa, wawahoji. Pili, na hili ndilo kubwa, waambie kamati yenu wasiandae chochote. Hatutaki makuu. Tunataka kuona mambo yalivyo, basi.

Majibu mpe dereva wa lori la maji kama siku zote. Nasikia simu huko zinashika juu ya jiwe moja tu, na jiwe lenyewe lina foleni.

Ni mimi mpwa wako


Machimboni
19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Huku tu wazima, vumbi tu ndilo limezidi. Goti la dada lipeni pole zangu. Kuhusu meza, mwambie meza ipo. Sina la kuongeza juu ya meza.

Wageni wenu walifika na wameondoka, na nakuhakikishia hatukukuaibisha. Ujumbe wako wa kutoandaa chochote nilimfikishia mwenyekiti wa machimbo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema ndivyo wageni wote waungwana wanavyosema, na kwamba yeye mwenyewe akienda ukweni husema asipikiwe, lakini hajawahi kurudi na njaa. Kamati ikakaa. Ikaonekana mashimo yetu yote, kuanzia la kwanza hadi la tisa, si mahali pa kumkaribisha mtu. Moja lina maji, jingine lina popo, jingine lina ugomvi. Basi likachimbwa jipya kwa ajili ya wageni.

Laiti ungeliona! Mita tatu tu kwenda chini, lakini lina ngazi, lina mahali pa kushika mkono, lina mabenchi pande mbili na turubai juu, na magogo ishirini na manne yamesimama kuzunguka kuta, bega kwa bega. Dhahabu hamna hata ya kuzibia jino. Wageni walishuka na kofia ngumu, wakagonga ukuta kwa nyundo, wakasema hawakutegemea. Mmoja alipigwa picha amekaa kwenye benchi. Kisha wakayaandika magogo namba kwa rangi nyekundu, moja hadi ishirini na nne, wakasema hiki ni kielelezo. Mwenyekiti aliposikia neno kielelezo alinyoosha kola.

Najua utauliza magogo yalitoka wapi, maana miti ya huku ilishakwisha zamani. Yalitoka kwenye shimo fulani ambako yalikuwa yamesimama tu, yanashikilia kuta. Yatarudishwa.

Madodoso yenye maswali arobaini waliyaacha ili watu wajaze kwa nafasi zao, nayo haya hapa. Nimefurahi kuona hayana majina, namba tu. Mtu anaweza kuandika kwa uhuru.

Mjomba wako, karani


Ofisini
6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Goti limekubali kupanda ngazi lakini linakataa kushuka, kwa hiyo anashinda juu na wateja wanamrushia vitambaa dirishani. Anauliza meza yako ni ya mbao gani, anataka kukushonea kitambaa cha kuifunika.

Madodoso yamefika na tope lake. Nimesoma yote. Sheria ya usiri niliisaini mwenyewe mbele ya mashahidi wawili: sitamtaja mhojiwa kwa mtu yeyote, hata kwa mhojiwa mwenyewe. Kwa hiyo sikutajii mtu. Nakusimulia tu, kama mtu anavyosimulia hali ya hewa.

Watu sita wa shimo namba tisa waliulizwa, "Je, unaogopa?" Wote sita wameandika: "Mimi hapana, ila mwenzangu anaogopa." Na mmoja wao, mhojiwa namba kumi na saba, anayeandika kwa herufi zilizolala kama zimechoka, aliulizwa kama mahali pake pa kazi pana kitu cha kuzuia ukuta usianguke. Akajibu: "Kilikuwepo. Kimekwenda kupokea wageni." Akaulizwa kama familia yake inajua anafanya kazi gani. Akajibu: "Dada yangu anajua mimi ni karani. Tafadhali msimwambie, ana presha." Mama naye ana presha. Ni wengi siku hizi.

Nilisoma jibu hilo nikiwa na kikombe cha chai mkononi, Mjomba, na chai ilipoa nikiwa bado nimekishika.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine iliyofungwa, maswali ya nyongeza, la 41 hadi la 51, kwa ajili ya mhojiwa huyo. Naomba umpe bila kujua ni nani.

Mpwa wako


Machimboni
21 Aprili

Mpwa wangu mdadisi,

Marahaba. Meza ni ya mbao ya kawaida. Dada asijisumbue na kitambaa.

Bahasha nilimpa yule mtu. Nilifumba macho wakati wa kumkabidhi, kama sheria yenu inavyotaka. Anakushukuru kwa kumjali, ingawa anashangaa swali la 44 linauliza kikohozi chake kinaendeleaje, na yeye hakumwambia mtu kuwa ana kikohozi.

Lakini umetuletea kizaazaa. Mwenyekiti wetu, tangu asifiwe na wageni, amekuwa mtu wa karatasi. Ameisoma ile fomu yenu ya ridhaa mstari kwa mstari, na chini kabisa, kwenye maandishi ya kuchungulia, amekuta haya: "Mhojiwa asipewe kazi yoyote mpaka mahojiano yakamilike." Ameyanakili ubaoni, mlangoni mwa ofisi ya kamati. Sasa mtu akishafungua bahasha ya maswali, hashuki shimoni mpaka ajibu la mwisho. Na zamu ya shimo namba tisa ni watu sita. Ndoo inapita mikono sita, akipungua mmoja hakuna anayeshuka. Basi yule mtu alikaa siku mbili na maswali yako kumi na moja, na wenzake watano wamekaa wanaitazama kalamu yake. Mmoja wao, wanamwita Kipaza kwa ajili ya sauti yake, alimwambia hata siku alipokwenda kuposa hakuulizwa mengi hivyo.

Hasira yao ina sababu. Mshipa wa dhahabu umeonekana chini kabisa, mnene kama kidole. Zamu ikizembea, kamati inawapa wengine shimo. Ndiyo maana hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba ukuta unamwaga vumbi. Unamwaga kidogo tu, kama unga unaochekechwa, hasa asubuhi.

Haya nimeyasikia nikiwa mezani.

Mjomba wako


Ofisini
4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Amepata wazo kwamba goti likitulia atakuja huko kukaa nawe wiki moja, aone feni.

Nimeshughulika. Nilimwendea mratibu na jibu la mhojiwa wetu, nikamwambia magogo yanayosifiwa kwenye ripoti yetu yaling'olewa shimoni ili kutupokea sisi, na watu sita wanashuka humo bila kitu. Alivua miwani, akaifuta. Akasema habari hiyo imetolewa kwa siri, kwa hiyo tukiitumia tutakuwa tumevunja haki ya mhojiwa ya kutojulikana. Nikasema akifukiwa hatajulikana vizuri zaidi. Akasema hoja yangu ni nzito na itapelekwa kwenye kamati ya maadili, ambayo inakaa Oktoba. Jalada la ripoti tayari lina picha ya mwenzetu kwenye benchi.

Nikamwandikia mwenyekiti wenu, barua yenye mhuri, ayarudishe magogo. Amenijibu kwa adabu sana. Anasema magogo yana namba zetu, ni kielelezo, na wakaguzi wako njiani kuja kukitazama. Likikosekana hata moja ataulizwa liko wapi, naye hataki kuharibu utafiti wa watu. Anatuomba tulishauri shimo namba tisa liwe na subira.

Basi nimeisoma upya barua yako, ile habari ya ubao, taratibu, neno kwa neno.

Utaikuta bahasha nene kidogo. Ni maswali ya 52 hadi 212. Mhojiwa anatakiwa kujibu yote, kwa sentensi kamili, herufi zisomeke, na penseli hairuhusiwi. Asiharakishe hata kidogo. Haki za binadamu hazitaki papara.

Mpwa wako


Machimboni
23 Mei

Wewe mtoto,

Salamu ni salamu hata kama mtu amekasirika: hamjambo? Dada asije. Barabara ni mbaya, feni imeharibika, na meza imepelekwa kupigwa rangi.

Yule mtu amechoka na anaomba nikuambie hivyo. Siku kumi na nane sasa yuko kwenye karatasi zako. Swali la 88: "Nani alikufundisha kuendesha baiskeli?" Linahusiana nini na machimbo? Amejibu, kwa sentensi kamili, kwamba ni dada yake. Alimshikia kiti cha nyuma akikimbia naye, kisha akaachia bila kumwambia, na yeye akaenda zake akidhani bado ameshikwa. Alipomaliza kuliandika akaweka kalamu chini, na Kipaza akamletea maji.

Swali la 120: "Kama ungefanya kazi nyingine, ungefanya ipi, na kwa nini hujaanza?" Amejibu: "Karani. Sijaanza kwa sababu tayari ni karani." Umeona unavyomchanganya?

Wenzake wameona wakimwachia peke yake watazeeka, kwa hiyo wanamsaidia, na hapo ndipo pameharibika zaidi. Swali la 97 linauliza nani aliamua kwamba zamu ishuke. Walibishana nusu siku. Mmoja akasema ameamua Kipaza, Kipaza akasema mimi nafuata wa mbele, wa mbele akasema yeye anafuata kamba. Wakaenda kwa mwenyekiti, naye akawaonyesha ubao. Mwisho wakaandika: "Hatujampata." Tangu siku hiyo hawaongei vizuri, kila mtu anawaza.

Mvua zimekuja kwa nguvu. Mshipa uko pale pale unasubiri, na kamati imeanza kuangalia watu wengine wa kuwapa shimo. Maswali yatakwisha wiki ya pili ya Juni, na likiisha la 212 watashuka asubuhi yake. Usilete mengine. Nakuomba kama mjomba wako.

Mimi


Ofisini
2 Juni

Mjomba,

Leo sina shikamoo ndefu. Mama hajambo.

Mwambie yule mtu kwamba nimechoka kumwita yule mtu. Mwambie nazijua herufi zake tangu alipokuwa ananiandikia jina langu juu ya madaftari ya shule. Najua kikohozi chake kwa sababu nililala chumba cha pili nacho miaka sita. Sikumwambia mapema kwa sababu niliapa, na kwa sababu yeye alitaka nisijue, na nikaona mtu mzima akitaka kuheshimiwa aheshimiwe. Sasa basi. Sisi ndio tuliosema tunakuja, na kwa ajili yetu kuta zake zimeachwa uchi. Akifa, nitakuwa nimemuua kwa dodoso.

Haya ni maswali ya 213 hadi 640. Nimeyatunga mwenyewe, jikoni, siku tatu. Mengine ni ya kijinga, najua. Sikuomba ruhusa ya mratibu. Dereva amesaini kwenye daftari kwamba atayakabidhi mkononi, kabla mhojiwa hajashika kamba. Asipoyafungua, nitampa mama dodoso la kwanza alisome, na presha yake itakuwa juu ya kichwa cha mhojiwa.

Afungue tu. Nampenda. Afungue.

Mpwa wako


Ofisini
26 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tatu sasa sijapata jibu. Dereva wa lori hajarudi, wanasema daraja limechukuliwa na maji. Nimekwenda kituoni kwao mara nne, na mlinzi ameshaanza kunipa kiti.

Mama ameniuliza mbona nakonda. Nimesema ni kazi ya maswali. Akasema afadhali mdogo wake, yeye kazi yake ni kukaa.

Andika lolote. Hata penseli inaruhusiwa.

Mpwa wako


Machimboni
5 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Niko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu nilisikia jinsi ulivyoandika.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Swali la 212 lilikwisha Jumatano. Kamba tulikuwa tumeshaifunga kiunoni, mimi wa mbele, wengine nyuma. Dereva akaja anakimbia, amebeba bahasha yako kichwani kama tofali, anapiga kelele kwamba asaini nani. Kipaza akaniambia usifungue. Akasema isipofunguliwa mahojiano hayajaanza, tushuke kwanza tukachukue mshipa wetu, utafungua ukirudi. Wote wakanitazama. Na mimi, nikwambie ukweli, nilitaka kushuka. Nilishachoka kuwa ndiye anayewakalisha wenzangu. Lakini barua yako ilikuwa imebandikwa juu, nje ya bahasha, nikaisoma nimesimama na kamba kiunoni. Nikafika pale uliposema afungue tu. Nikafungua.

Mwenyekiti alikuwa dirishani. Akatoka na mwavuli, akatangaza kwamba mahojiano yamefunguliwa na mtu asisogelee shimo. Mvua ilikuwa inapiga, na mahali pakavu penye mabenchi machimbo yote ni pamoja tu, shimo la wageni. Tukakaa humo sita, chini ya turubai, katikati ya magogo yetu wenyewe yenye namba.

Jumamosi ya wiki iliyofuata tukafika swali la 260. Umeliuliza tena lile lile, "Je, unaogopa?" Nadhani ni mara ya kumi. Zote zilizotangulia niliandika kwamba mimi hapana, ila mwenzangu. Siku hiyo sijui nilikuwa na nini. Labda ile baiskeli. Nikaandika, "Ndiyo, naogopa, kila siku, tangu ngazi ya kwanza," na nikalisoma kwa sauti kama tunavyofanya. Kipaza akasema, "Andika na mimi." Akafuata mwingine, na mwingine. Wa mwisho akasema hana cha kuandika, ila mikono yake inatetemeka, kama inafaa kuandikwa mikono basi iandikwe. Nikaiandika. Na hapo ndipo ardhi ilipokohoa.

Sina namna nyingine ya kuisema. Ilikohoa mara moja, mabenchi yakaruka nasi, magogo yakalia yote ishirini na manne, lakini hayakuondoka. Tulipopanda juu, shimo namba tisa halikuwa na mdomo. Mahali pake palikuwa pamebonyea na maji ya mvua yameanza kukusanyika, na kamba yetu inachungulia kidogo tu kama mkia wa panya.

Tulisimama tukatazama. Watu wakaja mbio kutoka mashimo mengine, mwenyekiti akatuhesabu mara tatu, sita, sita, sita, kisha akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya kamati. Waliotafuta wa kumlilia walikosa. Kipaza, ambaye akinong'ona anasikika hadi barabarani, akaniuliza polepole sana, "Swali linalofuata linasemaje?"

Lilikuwa la 261: "Ukitoka kazini, kitu gani cha kwanza unapenda kukiona?" Tulirudi tukalijibu. Tulikuwa tunalia wote, na karatasi yenye la 260 na la 261, niliyoitia humu, wino wake umechuruzika, utaniwia radhi.

Sasa hakuna anayetaka dodoso liishe. Wanajibu moja kwa siku, na wa shimo namba tatu wameomba nao wahojiwe. Mwenyekiti ameandika ubaoni: "Mahojiano yanaendelea."

Nimebakiza kukuambia unalolijua. Mhojiwa namba kumi na saba ni mimi. Sijawahi kuwa na meza. Nilipofika huku mara ya kwanza niliomba kazi ya karani, wakacheka, wakanipa nyundo. Nikamwandikia dada kwamba nimepata, kwa sababu alikuwa ameuza cherehani yake ya kwanza ili nisome. Ningemwambia nini? Nikasema nitamwambia nikipata meza kweli.

Mjomba wako


Ofisini, sasa chumba cha mafaili
20 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nilisoma barua yako ngazini, nikaisoma tena ngazini, watu wakanizunguka kama maji.

Nimeondolewa kwenye madodoso. Mratibu amegundua maswali mia sita yasiyopitishwa na kikao, na mimi nimekiri yote, pamoja na kuvunja usiri kwa kumtaja mhojiwa kwa mhojiwa. Sasa natoboa karatasi na kuzifunga kwenye mafaili. Ripoti ilikuwa imeshachapwa. Ukurasa wa kumi na nne unasema machimbo yenu yana mashimo manane na yote ni salama, na hesabu ya mashimo, waliyoikosea tangu mwanzo, sasa ni sahihi, maana la tisa halipo tena. Nikampelekea mratibu jibu la 260, lile lenye wino uliochuruzika. Alivua miwani, akaifuta, na hakuivaa. Kesho yake nakala zote zilikuwa zimefungiwa kabatini. Ametaka ripoti iandikwe upya, ianze na shimo namba tisa, na iseme magogo yaling'olewa kwa ajili ya nani. Ametusomesha sote sentensi hiyo kwa sauti.

Mama sikumficha. Nilimpa barua yako akiwa kwenye cherehani. Alisoma, mguu ukaacha kukanyaga. Nilikuwa nimeweka dawa zake tayari pembeni. Hakuzigusa. Alikunja barua mara nne, akaniambia alijua tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu nguo ulizokuwa unamtumia azirekebishe zilikuwa zinachanika magotini na mabegani, na karani hachaniki huko. Lakini wewe ulitaka awe na mdogo karani, na yeye akaona usikose kitu kidogo hivyo. Feni aliiongeza ili uwe na hali nzuri.

Ana swali moja. Amenituma niliandike kama yalivyo yale mengine.

641. Unarudi lini? (Jibu kwa sentensi kamili. Penseli hairuhusiwi.)

Mpwa wako


Ndani ya lori la maji
3 Agosti

Dada, na wewe mpwa wangu,

641. Narudi leo, na barua hii nitaileta mwenyewe.

Someni kwa subira, lori linatikisika. Kipaza na wenzake wanabaki kuchimba la kumi, na safari hii magogo yanaingia kwanza, watu baadaye. Wamelikubaliana wenyewe, hawakusubiri ubao. Mwenyekiti ameruhusu yatumike ishirini na matatu. Moja amenipa mimi, baada ya kunisainisha fomu ya ridhaa kwamba kielelezo kinakwenda kwa hiari yake. Ni lile namba kumi na saba. Nimelilaza hapa miguuni, bado lina rangi nyekundu.

Dada, shona kile kitambaa. Meza inakuja.